Kupakua Picha za Blogu Pamoja na Maneno Yake: Matatizo ya Programu na Tiba Zake, kwa Mifano ya Shinyanga na Geita

Picha zilizotolewa katika blogu za Kiswahili kwa muda wa miaka ishirini hivi zimekuwa hazina kubwa ya habari za nchi, na kwa mchunguzi wa lugha zina faida ya pili, kwa kuwa karibu kila picha huandamana na maneno. Maneno hayo aghalabu ni mafupi: jina la mahali, jina la kazi, jina la chombo, na siku. Walakini ndiyo yanayomjulisha mtu wa mbali kwamba shimo lililo pichani huitwa duara na wale wanaolichimba, wala si kisima wala handaki. Mtu atakaye kuhifadhi picha hizo kwa wingi hutumia programu ya kompyuta inayozipakua kwa mkupuo mmoja. Programu za namna hiyo hupatwa na matatizo yanayofahamika, na tiba zake pia zinafahamika. Makusudi ya makala haya ni kuyaeleza matatizo hayo moja baada ya jingine, kwa mifano ya Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita, na kuonyesha kwamba kubwa kuliko yote ni lile lisilotangazwa na programu yoyote: picha hufika salama, na maneno yake huachwa nyuma.

NENO KUPAKUA

Kitenzi kupakua ni cha zamani. Katika lugha ya pwani mabaharia hupakua shehena kutoka chomboni, na mpishi hupakua wali kutoka chunguni. Katika maana zote mbili kitu hutolewa katika chombo kilichokihifadhi na kuwekwa mbele ya mtu anayekingoja. Intaneti ilipoenea neno hili lilipewa kazi mpya, yaani kuleta faili kutoka katika seva hadi kompyuta ya mtumiaji, na kupakia likapewa maana ya kinyume chake. Pamoja nalo hutumika kushusha, ambalo nalo ni neno la mizigo, na vijana wengi hutumia neno la Kiingereza lenyewe lililovikwa kiambishi ku-.

Kwa jambo linaloelezwa hapa, kupakua lafaa kuliko mengine, kwa sababu lina fundisho ndani yake. Karani wa bandarini hapokei shehena bila hati. Mzigo usio na hati huweza kuwa mzima kabisa, na hata hivyo haujulikani ni wa nani, umetoka wapi, wala ulipakiwa lini. Picha iliyopakuliwa bila maelezo yake ni mzigo wa namna hiyo.

KWA NINI SHINYANGA NA GEITA

Shinyanga ilijulikana duniani kwa almasi tangu John Williamson alipovumbua machimbo ya Mwadui mwaka wa 1940. Geita ilikuwa na mgodi wa dhahabu uliofunguliwa katika miaka ya 1930 na kufungwa mwaka wa 1966. Mgodi mkubwa wa sasa wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka wa 2000, na ule wa Bulyanhulu, wilayani Kahama, ukafuata mwaka wa 2001. Buzwagi, nao wilayani Kahama, ulianza mwaka wa 2009 na kumaliza uzalishaji wake mwaka wa 2021. Kandokando ya migodi hiyo, na mahali pengi pasipo na mgodi mkubwa, wamo wachimbaji wadogo waliotoka katika makabila mengi, na lugha yao ya kazi ni Kiswahili.

Lugha hiyo ina msamiati wake. Duara ni shimo la kuchimbia. Matimba ni magogo yanayoshikiza kuta zake zisiporomoke. Karasha ni mashine ya kusaga mawe. Marudio ni mchanga uliokwisha kuoshwa na kutolewa dhahabu, ambao huweza kuchenjuliwa tena. Magwangala, neno linalojulikana sana Geita, ni mawe yaliyotupwa na mgodi mkubwa kama mabaki, ambayo wananchi huyatafuta kwa kuwa bado yana chembe za dhahabu. Baadhi ya maneno hayo yana maana nyingine kwingineko, na hapo ndipo picha inapohitajika. Mwalo, mathalani, kwa wavuvi wa Ziwa Viktoria ni mahali mitumbwi inapotia nanga na samaki hupokelewa. Kwa wachenjuaji wa dhahabu ni mahali mchanga uliosagwa unapooshwa. Mkoa wa Geita una ufuko wa ziwa na una machimbo, na kwa hiyo una mialo ya namna zote mbili. Maelezo yasemayo “wakinamama wakiwa katika mwalo” hayaeleweki bila picha, na picha ya wanawake walioinama juu ya maji nayo haitoshi kulithibitisha neno.

Picha za habari zina umuhimu huo huo kwa historia ya maneno. Mnamo Machi 2017 Serikali ilizuia mchanga wenye madini kusafirishwa nje ya nchi, na baada ya ripoti za kamati mbili, moja ya Profesa Abdulkarim Mruma na nyingine ya Profesa Nehemiah Osoro, zilizotolewa Mei na Juni mwaka huo, neno makinikia, ambalo hapo nyuma lilikuwa la wataalamu, likawa kinywani mwa kila mtu. Mchunguzi atakaye kujua ni wiki gani “mchanga wa dhahabu” ulianza kuitwa makinikia katika maandishi ya kila siku hana budi kutazama tarehe za maelezo ya picha. Hali kadhalika matukio makubwa ya machimbo: kuokolewa kwa watu watano waliokaa siku 41 chini ya ardhi huko Nyangalata, Kahama, katika Oktoba na Novemba 2015, na kuokolewa kwa watu 15 katika mgodi mmoja wa Geita mnamo Januari 2017. Lugha ya siku hizo, yaani namna watu walivyoyataja maduara, kamba, na uokoaji, imo katika maelezo mafupi yaliyowekwa chini ya picha kwa haraka.

Mtindo wa kuifanya picha kiini cha habari ulipata nguvu mwaka wa 2005, mpiga picha Muhidin Issa Michuzi alipoanzisha blogu yake; Ndesanjo Macha alikuwa amekwisha kuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuandika blogu kwa Kiswahili. Waandishi wa mikoani waliufuata mtindo huo. Lakini blogu si kitabu kilichowekwa maktabani. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka wa 2018 ziliwataka wenye blogu kujiandikisha na kulipa ada, na baadhi yao wakaacha kuandika. Wengine walishindwa kulipia jina la tovuti, na wengine walibadili tovuti bila kuhamisha kurasa za zamani. Kwa hiyo kupakua mapema ni kazi ya kuhifadhi, na ikifanywa vibaya huenda isiwezekane kufanywa mara ya pili.

JINSI PROGRAMU INAVYOFANYA KAZI

Programu ya kupakua picha haioni picha kama mtu aionavyo. Husoma maandishi ya HTML yaliyojenga ukurasa, hutafuta kila alama ya img, huchukua anwani iliyotajwa humo, huiomba seva faili hiyo, kisha huiandika katika kompyuta. Baada ya hapo hufuata viungo kwenda ukurasa mwingine na kurudia. Wget, iliyotolewa mwaka wa 1996, na HTTrack, ya mwaka wa 1998, hufanya hivyo, na viongezo vingi vya vivinjari hufuata njia hiyo hiyo. Yafaa kukumbuka kwamba programu hujua anwani tu. Haijui kwamba aya iliyo chini ya picha ni maelezo ya picha ile. Karibu matatizo yote yafuatayo hutokana na upofu huo.

MATATIZO YA PICHA YENYEWE

La kwanza ni picha kuwa ndogo. Blogu huonyesha nakala iliyopunguzwa ili ukurasa ufunguke upesi, na programu huchukua nakala hiyo badala ya ile kubwa. Katika blogu zilizojengwa kwa Blogger, ukubwa umeandikwa ndani ya anwani, kwa mfano s320, yaani upande mrefu wa picha una pikseli 320. Sehemu hiyo ikibadilishwa kuwa s1600 hupatikana nakala kubwa zaidi, na ikiwa s0 hupatikana ile kubwa kuliko zote iliyomo ghalani. Katika blogu za WordPress, vipimo huongezwa mwishoni mwa jina la faili, kama vile -300x225. Vikiondolewa, anwani hurudi kwa picha ya asili, na tangu mwaka wa 2019 picha iliyo kubwa mno huweza kuwa na neno -scaled, ambalo nalo laweza kuondolewa. Jambo hili si la urembo. Kibao kilichoandikwa kwa mkono mlangoni pa karasha ni ushahidi wa lugha, na katika pikseli 320 hakisomeki.

La pili ni faili yenye jina la picha isiyokuwa picha. Katika Blogger kiungo kinachozunguka picha huweza kuwa na s1600-h, na anwani hiyo huleta ukurasa wenye picha ndani yake, si picha yenyewe. Programu huuandika ukurasa huo kwa jina linaloishia .jpg, nayo kompyuta hukataa kuufungua. Dalili yake ni faili ya kilobaiti chache ambayo, ikifunguliwa kwa programu ya maandishi, huonyesha maneno ya HTML. Tiba ni kuondoa -h na kupakua upya.

La tatu ni picha zisizoonekana mpaka msomaji auteremshe ukurasa. Tovuti nyingi za sasa huchelewesha picha ili kuokoa kifurushi cha msomaji. Anwani ya kweli huwekwa katika data-src au katika srcset, na mahali pa kawaida huwekwa picha tupu. Programu ya zamani hurudi na mamia ya vijipicha vya kijivu vinavyolingana. Tiba ni kuiamuru isome data-src na srcset pia, au kutumia programu inayoendesha kivinjari na kuteremsha ukurasa hadi mwisho.

La nne ni picha iliyokatika. Umeme ukikatika, au bando likiisha katikati ya kazi, sehemu ya juu ya picha huonekana na ya chini huwa ya kijivu. Programu iliyoundwa vizuri hulinganisha urefu wa faili na urefu uliotajwa na seva, na huendelea pale ilipoishia; Wget hufanya hivyo ikipewa amri ya --continue. Mahali ambapo mtandao haukai imara, yafaa kazi igawanywe kwa mwezi mmoja mmoja wa blogu, ili hasara ya kukatika iwe ndogo.

MATATIZO YA SEVA

Seva ikikataa hutoa namba, na kila namba ina maana yake. Namba 404 maana yake faili haipo katika anwani hiyo. Kabla ya kukata tamaa, yafaa kutafuta anwani hiyo katika Internet Archive, taasisi iliyoanzishwa mwaka wa 1996, ambayo tangu mwaka wa 2001 imewafungulia watu wote nakala zake za kurasa za zamani. Namba 403 maana yake seva imemkataa mwombaji, aghalabu kwa kuwa ombi halikuonyesha limetoka katika ukurasa gani. Programu ikiagizwa kuutaja ukurasa wenye picha hiyo, mara nyingi hukubaliwa. Namba 429 maana yake maombi yamekuwa mengi kwa muda mfupi, na dawa yake ni subira: sekunde kadhaa kati ya ombi na ombi. Faili ya robots.txt, desturi iliyoanza mwaka wa 1994, hueleza sehemu ambazo mwenye tovuti hapendi zipitiwe na programu, na mchunguzi mwema huiheshimu au humwomba mwenye tovuti ruhusa.

Liko pia tatizo la vyeti vya usalama. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti kimoja cha msingi, kilichokuwa kikitegemewa na tovuti nyingi sana, kilifika mwisho wa muda wake, na kompyuta kuukuu zisizopata masahihisho zikaanza kukataa tovuti zilizokuwa salama. Mtumiaji huona ujumbe kwamba mawasiliano hayaaminiki, naye hudhani blogu imekufa. Tiba ni kusahihisha orodha ya vyeti katika kompyuta au kutumia programu mpya zaidi. Kuzima ukaguzi wenyewe wa usalama ni kama kung'oa mlango kwa sababu ufunguo umepotea.

MAJINA YA FAILI NA HERUFI YA NG'

Majina ya mahali katika nchi ya Wasukuma huleta tatizo lisilotajwa katika vitabu vya mafunzo vilivyotungwa kwingineko. Katika Mkoa wa Geita iko wilaya ya Nyang'hwale. Alama ya ritifaa iliyo katika jina hilo huandikwa kwa namna mbili, wima au iliyopinda, na kompyuta huzihesabu kuwa herufi mbili tofauti. Katika anwani ya wima hugeuka kuwa %27, na ile iliyopinda hugeuka kuwa %E2%80%99. Programu nyingine huiondoa kabisa na kuandika nyanghwale. Kwa hiyo picha za mahali pamoja huangukia katika folda tatu, na mtafutaji wa jina moja hupata theluthi ya alichokitafuta. Amri zilizoandikwa bila uangalifu huweza pia kusimama zikutanapo na ritifaa, kwa kuwa katika lugha nyingi za kompyuta alama hiyo hufunga maneno.

Tiba ni kutenganisha jina la faili na jina la mahali. Faili ipewe jina fupi la namba na tarehe, lisilo na ritifaa, nafasi, nukta mbili wala alama ya kuuliza, kwa sababu Windows huzikataa mbili za mwisho. Jina la mahali liandikwe katika daftari, kwa utaratibu wa UTF-8, kama lilivyoandikwa na mwenye blogu. Hapa mchunguzi hana ruhusa ya kusahihisha. Mtu mmoja huandika Rwamgasa na mwingine Lwamgasa, na kubadilishana huko kwa r na l ni habari ya matamshi, si kosa la kufutwa. Tahajia iliyokubaliwa iwekwe katika safu ya pili, ili itumike katika kutafuta.

PICHA ZINAZORUDIWA

Picha moja huweza kupakuliwa mara nne au zaidi. Blogger ilizitoa picha zake kwa majina manne ya seva yaliyoanza kwa 1, 2, 3 na 4; tena habari moja huonekana katika ukurasa wake, katika ukurasa wa mwezi, katika ukurasa wa mada, na katika ukurasa wa simu unaoishia kwa m=1. Programu isiyowekewa mipaka huzunguka humo kutwa kucha na kumaliza kifurushi. Tiba ya kwanza ni kuianzisha katika orodha ya habari badala ya ukurasa wa mbele. Katika Blogger orodha hiyo hupatikana kwa kuongeza /feeds/posts/default baada ya jina la blogu, nayo huletwa kwa mafungu. Tiba ya pili ni kukokotoa alama ya utambulisho ya kila faili, kama vile SHA-256, kwa kuwa faili mbili zilizo sawa kila baiti hutoa alama moja.

Hata hivyo inafaa kutahadhari. Picha moja ikiwa imetumiwa na blogu mbili kwa maelezo mawili tofauti, hizo ni shuhuda mbili. Mmoja ameandika marudio na mwingine ameandika mchanga wa dhahabu. Nakala ya picha yaweza kufutwa, lakini maelezo yote mawili hayana budi kubaki.

TAREHE

Tarehe ya picha ina vyanzo vitatu, na hakuna kinachotosha peke yake. Cha kwanza ni ile iliyoandikwa na kamera ndani ya faili, ambayo hutegemea saa ya kamera kuwa sahihi, na ambayo hupotea picha ikipitishwa katika WhatsApp. Cha pili ni jina la faili. Picha iliyopita katika WhatsApp huweza kuitwa IMG-20170315-WA0012, na msomaji hudhani ilipigwa tarehe 15 Machi 2017. Kumbe hiyo ni siku ya kutumwa au kupokewa. Cha tatu ni tarehe ya habari katika blogu. Hapo nako pana mtego: Blogger, isipoelekezwa vingine, hufuata saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Habari iliyotolewa Shinyanga saa mbili asubuhi ya Jumatano huweza kuonekana kana kwamba ilitolewa saa tatu au saa nne usiku wa siku iliyotangulia. Kwa mtafutaji wa neno lililotumika mara ya kwanza, siku moja si jambo dogo. Orodha ya habari iliyotajwa hapo juu huonyesha wakati pamoja na tofauti yake na saa za dunia, na ndiyo inayofaa kufuatwa.

MANENO YANAYOACHWA NYUMA

Matatizo yote yaliyotangulia hujitangaza: picha haifunguki, namba huonekana, folda hujaa. Kupotea kwa maelezo hakujitangazi. Programu huandika kwamba picha 3,000 zimepakuliwa bila kosa, na kweli hakuna kosa katika hesabu yake. Miaka mitatu baadaye, blogu ikiwa imekwisha kufungwa, mchunguzi hufungua folda na kukuta mashimo, magogo, mashine na watu wasiokuwa na jina.

Maelezo huwekwa kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni ya utaratibu: katika Blogger, picha na maelezo huwekwa ndani ya jedwali moja dogo, na maelezo huwa na alama ya tr-caption, katika WordPress huwa na figcaption au wp-caption-text. Haya programu yaweza kuagizwa kuyachukua. Njia ya pili ni aya ya kawaida iliyo juu au chini ya picha, bila alama yoyote, na ndiyo iliyotumika zaidi katika blogu za habari za miaka ya mwanzo. Hapo hapana budi kuchukua maandishi yanayotangulia picha na yanayoifuata, kisha mtu ayasome na kuamua. Njia ya tatu ni maelezo yanayotawala picha nyingi kwa pamoja: “pichani juu”, “wa pili kushoto”, “baadhi ya wachimbaji wakishuka duarani”. Maneno hayo hutegemea mpangilio, na mpangilio huharibika mara programu inapozipanga picha kwa alfabeti. Kwa hiyo kila picha ipewe namba ya nafasi yake katika ukurasa, 001, 002, 003, kabla ya jambo lingine lolote.

Njia iliyo bora kuliko zote ni kutopakua picha peke yake kamwe. Mfumo wa WARC, uliokubaliwa kuwa kanuni ya kimataifa, ISO 28500, mwaka wa 2009, huhifadhi ukurasa, picha zake, na majibu ya seva pamoja na wakati wake katika faili moja, na Wget imeweza kuuandika tangu mwaka wa 2012. Faili ya namna hiyo ni kubwa na husomwa kwa programu maalumu, lakini huacha ukurasa ukiwa kama ulivyoonekana siku ile. Kutoka humo picha huweza kutolewa wakati wowote. Kutoka katika folda ya picha ukurasa hauwezi kujengwa upya.

DAFTARI

Kila picha na iwe na mstari wake katika daftari, wenye mambo yafuatayo: namba ya faili, anwani ya picha, anwani ya ukurasa, jina la blogu, tarehe ya habari na saa zake, tarehe ya kupakuliwa, nafasi katika ukurasa, maelezo neno kwa neno, jina la mpiga picha kama limetajwa, mahali kama palivyoandikwa, na mahali kama panavyotambuliwa leo.

Safu mbili za mahali ni za lazima katika eneo hili. Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka wa 2012, kwa kuchukua sehemu za mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Picha ya mwaka wa 2008 iliyoandikwa “Geita, Mwanza” haikukosea. Tena liko jina Nyarugusu, ambalo katika Geita ni mahali pa machimbo ya dhahabu, na katika Kasulu, Mkoa wa Kigoma, ni kambi kubwa ya wakimbizi. Picha ya mahema ya turubai yenye neno Nyarugusu tu yaweza kuwa ya machimbo au ya kambi, na atakayeamua ni ukurasa ilikotoka.

HAKI NA HESHIMA

Picha iliyo wazi kwa watu wote si mali ya watu wote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka wa 1999 huilinda kazi ya mpiga picha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka wa 2022 humlinda aliyepigwa picha. Kwa hiyo jina la mpiga picha lisiondolewe, na nakala iwekwe kwa ajili ya uchunguzi, isitolewe upya bila ruhusa. Picha za ajali za machimbo zina haja ya uangalifu zaidi. Zimo nyuso za majeruhi na maiti, na ndugu zao bado wako hai Kahama na Geita. Maelezo ya picha hizo yaweza kuchunguzwa bila nyuso hizo kuonyeshwa.

MWISHO WA MANENO

Tiba za matatizo ya programu ni nyepesi kuliko zinavyodhaniwa: kubadili s320 kuwa s0, kuondoa -h, kusoma data-src, kungoja sekunde chache, kuandika jina fupi la faili. Mtu mwenye kompyuta ya kawaida huko Shinyanga aweza kuzifanya zote. Lililo gumu ni kukumbuka kilichotafutwa. Mchenjuaji asiyejua akitafutacho huosha mchanga, huchukua kilichong'aa mbele ya macho, na huacha dhahabu katika marudio. Wachimbaji wanajua jambo hilo, na ndiyo sababu hurudi kuyachenjua. Lakini marudio ya machimbo hubaki pale pale yalipomwagwa, wakati maelezo ya picha hutoweka pamoja na blogu. Maneno duara, matimba, mwalo na magwangala yametungwa na watu wa kazi, wengi wao wasioandika vitabu, na mara nyingi mstari mmoja chini ya picha ndiyo hati yao ya pekee. Mstari huo upakuliwe pamoja na picha yake.